Mafaili ya saratani za kichwa na shingo hospitalini: tuchukue nini, na tuamini nini?

Fundi Faili

Assalaam alaykum wakuu. Napanga kupitia mafaili ya miaka mitano ya wagonjwa watu wazima wenye saratani za kichwa na shingo kutoka hospitali mbili, moja Unguja na moja Pemba. Nataka kueleza sura ya ugonjwa: umri, jinsia, sehemu iliyoshikwa, hatua ambayo mgonjwa alifika nayo. Halafu nitazame vihatarishi.

Mafaili ya majaribio yanaonesha matatizo manne. Utambuzi umeandikwa "saratani ya koo" na basi. Vihatarishi vimemalizwa kwa maneno mawili, "havuti, hanywi", na tambuu haikutajwa. Mengine hayana jibu la patholojia. Na majina yanajirudia hadi sijui nina watu wangapi.

Naomba msaada: sehemu zipi zihesabiwe na zipi zitengwe? Uraibu (mchanganyiko wa tambuu unaotafunwa) uandikwe vipi? Nikikuta wagonjwa wengi wanakula tambuu, naweza kuandika kuwa ndiyo sababu? Na udi, moshi wa kuni, papa mkavu, niviweke kwenye fomu au nitajaza karatasi bure?

---

Karani wa Rejista

Waalaykum salaam. Anza na sehemu, maana ukikosea hapo mengine yote yatapinda.

Tumia namba za ICD-10 (orodha ya kimataifa ya magonjwa), usitumie maneno ya daktari aliyepokea. Kundi lako ni C00 hadi C14 (mdomo, kinywa, tezi za mate, koo), C30 na C31 (pua na mapango yake), na C32 (zoloto, yaani kisanduku cha sauti). Tezi ya shingo ya thairoidi, C73, iache nje, chanzo chake na mwendo wake ni vyengine kabisa. Saratani ya ngozi ya uso, C44, nayo itenge. Hapa pana mtego: kidonda cha mdomo wa chini ni C00 ikiwa kimeanzia kwenye sehemu nyekundu ya mdomo, lakini ni C44 kikianzia kwenye ngozi. Kwa watu wenye ualbino jambo hili lina uzito, kwani jua linawaathiri midomo, masikio na shingo. Ukiwachanganya na wala tambuu utapata jedwali lisiloeleza kitu.

"Saratani ya koo" peke yake inaangukia C14.0, yaani koo lisilojulikana sehemu, na C14.0 ikiwa nyingi kwenye jedwali lako ujue kazi bado. Koo la mtu wa kawaida ni sehemu nne za daktari: nyuma ya pua (C11), usawa wa tonsili na shina la ulimi (C01, C09, C10), chini kuelekea umio (C12, C13), na zoloto lenyewe (C32). Kila moja ina sababu zake. Rudi kwenye ripoti ya kamera au ya chumba cha upasuaji, mara nyingi sehemu imeelezwa hapo hata kama jalada la faili linasema "koo".

Ulimi ugawe mara mbili. Theluthi mbili za mbele ni C02, kinywa. Shina lake ni C01, na hilo ni la koo. Kaakaa laini na kidakatonge, C05.1 na C05.2, vimo kwenye namba za kinywa lakini kimaumbile ni vya koo, kwa hiyo kwenye uchambuzi vihamishie huko na uandike kuwa umevihamisha.

Vitu vya kutoa: uvimbe wa taya wa ameloblastoma, ambao si saratani ingawa unatisha kwa ukubwa (D16.4 au D16.5), limfoma ya Burkitt ya taya la mtoto, na saratani ya Kaposi ya kaakaa, C46.2, ambayo inataka jedwali lake na hali ya VVU pembeni. Mtoki wa shingo (tezi iliyovimba) wenye seli za saratani ambao chanzo chake hakikuonekana ni C77.0 pamoja na C80, usiulazimishe kuwa wa tonsili.

Majina sasa. Kwetu mtu hubeba jina lake, la baba na la babu, na majina yenyewe ni yale yale. Ali Juma Ali mmoja anaweza kuwa watu watatu, na Fatma, Fatuma na Fatima wakawa mtu mmoja. Usiunganishe kwa jina. Unganisha kwa namba ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi ikiwepo. Ikikosekana, tumia pamoja mwaka wa kuzaliwa, jinsia, shehia, sehemu ya saratani na upande (kulia au kushoto). Zikilingana nne kati ya tano, fungua mafaili yote mawili uyatazame kwa macho.

Na shehia iwe ya makaazi ya kudumu. Mgonjwa wa Micheweni anayelala kwa nduguye Jang'ombe wakati wa matibabu ataandikwa mtu wa Mjini, na kwa njia hiyo Pemba itaonekana haina wagonjwa.

---

Meno 32

Nijibu la uraibu, kwa sababu "anakula tambuu: ndiyo/la" ni swali ambalo halikuulizwa.

Tambuu ni jani. Kinacholiwa ni mchanganyiko: jani, popoo (kokwa ngumu inayokatwakatwa), chokaa, pengine katu, na tumbaku au bila tumbaku. Jani si mshitakiwa mkuu. Popoo ndilo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, mwaka 2004 liliweka popoo lenyewe, na uraibu hata usio na tumbaku, kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Kwa hiyo tambuu tamu inayouzwa mjini ikiwa imejaa nazi na vikolezo, na muuzaji akaapa kuwa haina tumbaku, bado inaingia kwenye fomu yako kama ina popoo. Vipaketi vya mchanganyiko mkavu kutoka India navyo huwa na popoo, na vingi vina tumbaku, na kijana anayevitafuna hatasema anakula tambuu, kwa sababu kwake tambuu ni mambo ya bibi.

Namna inavyoharibu: chokaa hupandisha uchungu wa magadi kinywani, na katika hali hiyo kemikali za popoo huachiwa kwa wingi na hujenga viini vinavyoshambulia seli. Popoo pia huchochea nyuzi za kovu chini ya utando wa shavu, na shaba iliyomo ndani yake husaidia kuzikaza nyuzi hizo zisivunjike. Matokeo ni shavu gumu, jeupe, lenye kamba unazozigusa kwa kidole, na mdomo usiofunguka. Hali hiyo bado si saratani, lakini ni udongo wake. Tumbaku ikiongezwa, mate yanatengeneza nitrosamini, kemikali zinazoleta saratani, juu ya hayo yote.

Kwa hiyo fomu iulize hivi:

Kuna popoo? Kuna tumbaku? Kuna chokaa? Kila kimoja kivyake, ndiyo au la.
Alianza akiwa na umri gani, na kama ameacha, aliacha lini?
Mara ngapi kwa siku, na kila mara dakika ngapi kinywani?
Anauweka upande gani, na je, hulala nao?
Anameza mate yake au anatema?

Mara 8 kwa siku kwa dakika 20 ni saa mbili na dakika 40 za shavu kulowana kila siku. Mwengine hula mara tatu lakini la mwisho analala nalo hadi alfajiri. Ukihesabu mara tu, huyu wa pili anaonekana hana neno, na kumbe ndiye.

Swali la upande lina faida yake. Kwa wala uraibu, kidonda hupendelea shavu na fizi za chini pale pale unapokaa. Kwa wavutaji na wanywaji, hupendelea ubavu wa ulimi na sakafu ya kinywa. Ukiwa na upande wa uraibu na upande wa kidonda kwenye safu mbili, una ushahidi ambao takwimu za "ndiyo/la" haziwezi kukupa.

Ugoro wa kunusa na ule wa kuweka chini ya mdomo ni safu mbili tofauti. Sigara: hesabu kwa pakiti-miaka, yaani sigara kwa siku gawanya kwa 20, zidisha kwa miaka. Anayenunua mojamoja, sita kwa siku, kwa miaka 40, ana pakiti-miaka 12, hata kama hajawahi kununua pakiti maishani. Shisha iulizwe kwa jina lake, kwani wanaovuta hawaiiti sigara.

Jambo la kupima badala ya kuuliza: uwazi wa mdomo. Rula ya milimita, kutoka ncha ya jino la mbele la juu hadi la chini, mgonjwa akifungua mwisho wa uwezo wake. Milimita 35 kushuka chini ni mdomo uliofungika. Sekunde kumi tu, na kwenye mafaili karibu kila mara haipo.

---

Koo na Pua

Meno 32 amemaliza la kinywa. Mimi nashuka chini, na juu kidogo.

Pombe kwanza. "Hanywi" kwenye faili la Zanzibar maana yake ni kwamba aliulizwa mbele ya mke, mtoto na shemegi. Hakuna mzee atakayejibu vyengine katika baraza kama hiyo. Iulizwe faragha, na iulizwe ya zamani: "Mzee wangu, ujana ulipokuwa mbichi, baharini au bandarini, kulikuwa na kinywaji?" Bila hiyo utakosa jambo kubwa, kwa sababu pombe na tumbaku hazijumlishani, zinazidishana. Kwa mafaili ya nyuma huwezi kuuliza tena, basi kuwe na majibu matatu: ndiyo, la, haikuandikwa. Kamwe usigeuze "haikuandikwa" kuwa "la". Kosa hilo ndilo linaloua tafiti nyingi za mafaili, na halionekani kwenye jedwali lililochapishwa.

Sehemu na vihatarishi vyake, kwa ufupi wa kukutosha:

Nyuma ya pua: kirusi cha Epstein-Barr (EBV). Hii hushika hata vijana, kwa hiyo usishangae kuona mgonjwa wa miaka 19 asiyewahi kugusa sigara. Dalili zake zinadanganya: mtoki wa juu shingoni, sikio moja lililoziba kwa mtu mzima, damu ya pua upande mmoja. Mtu mzima mwenye maji nyuma ya kiwambo cha sikio la upande mmoja lazima atazamwe nyuma ya pua kwa kamera kabla ya kupewa matone.

Zoloto: tumbaku ya moshi, wanaume zaidi. Sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu haitibiwi kwa antibayotiki ya tatu. Inatazamwa.

Chini ya koo, nyuma ya zoloto, C13.0: hapa angalia wanawake wenye upungufu wa damu wa madini ya chuma wa miaka mingi, wanaokwamwa na chakula. Chukua kiwango cha damu cha siku ya kwanza kutoka kwenye faili, ila kumbuka mgonjwa asiyemeza kwa miezi miwili atakuwa na upungufu wa damu kwa sababu ya ugonjwa wenyewe. Upungufu wa zamani tu ndio unaohesabika.

Tonsili na shina la ulimi: tumbaku, pombe, na kirusi cha papiloma (HPV), hasa aina ya 16. Darubini ataeleza upimaji.

Mapango ya pua: vumbi la mbao ngumu. Kazi ya mgonjwa isiandikwe "mkulima" kwa mazoea. Seremala wa milango ya nakshi, fundi wa majahazi, mkata mbao wa karakana, wote waulizwe miaka na kama walikuwa wakifunga pua. Wapakaji rangi na waliofanya kazi na fomalini nao waingie. Wagonjwa hawa ni wachache, kwa hiyo eleza mmoja mmoja, usitafute asilimia.

Kuhusu kuchelewa: msiandike "walichelewa" mkaishia hapo. Chukueni tarehe tano: dalili ya kwanza, kituo cha kwanza, siku ya kukatwa kinyama (sampuli ya uvimbe), siku ya jibu, siku ya kwanza ya matibabu. Pengo kati ya ya kwanza na ya pili ni la mgonjwa. Yaliyobaki ni yetu. Mtu wa Kojani ana mashua, gari, meli ya Unguja, kisha meli ya Dar es Salaam kwenda mionzi Ocean Road, na kozi yenyewe ya mionzi kwa saratani nyingi hizi ni kama Gy 70 (Gy ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa vipindi 35, wiki saba, siku tano kwa wiki. Anayebeba gharama ya kulala wiki saba bara hukaa kijijini kwanza akitafuta pesa. Hilo pengo lina jina lake na lisibebeshwe "uelewa mdogo".

Hatua ya ugonjwa: toleo la nane la TNM (mfumo wa kupanga hatua za saratani, T ikiwa ni ukubwa wa uvimbe) lilianza kutumika 2018, na kwa kinywa liliongeza kina cha uvamizi. Kidonda cha sentimita 1.5 kilichozama milimita 7 kilikuwa T1, sasa ni T2. Mafaili yako yakivuka mwaka huo, utaona wagonjwa "wamezidi kuchelewa" kumbe kilichobadilika ni kipimo. Zihesabu upya zote kwa toleo moja, na pale kina hakikuandikwa, sema hakikuandikwa.

---

Darubini

La kupima HPV kwa p16 ni fupi. Kinachopimwa ni protini inayopanda HPV ikiwa kazini. Hesabu ni chanya pale angalau asilimia 70 ya seli za uvimbe zimeshika rangi kwa nguvu ya wastani au zaidi, kwenye kiini na nje ya kiini. Ina maana kwa tonsili na shina la ulimi. Kwenye shavu au ulimi wa mbele usiitumie kama kipimo cha HPV, itakudanganya. Na kama haikupimwa, usikisie kwa umri wa mgonjwa.

Nataka kusema zaidi kuhusu kinyama chenyewe, kwa sababu "jibu halikupatikana" mara nyingi ni kinyama kilichoharibika kabla ya kufika mezani.

Kikatwe ukingoni, pale kidonda kinapokutana na utando mzima, na kiwe na kina. Katikati ya kidonda kuna seli zilizokufa tu, na jibu litarudi "uvimbe wa maambukizi, rudia". Kiingie mara moja kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyorekebishwa asidi yake, ambayo ni sehemu moja ya fomalini kali kwa sehemu tisa za maji yenye chumvi za kurekebisha. Ujazo wa fomalini uwe angalau mara kumi ya kinyama. Chupa ya mdomo mpana: kinyama laini kinapita shingo nyembamba, kikishakuwa kigumu hakitoki. Jina liandikwe kwenye kiwiliwili cha chupa, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana mezani. Maji ya chumvi ya dripu si fomalini. Ukikuta kwenye fomu "sampuli imepokelewa katika maji ya chumvi", na safari ilikuwa ya usiku kucha, jibu lake lishushe daraja la uhakika.

Mtoki wa shingo uchomwe kwa sindano nyembamba kwanza. Kuufungua kwa kisu kabla ya kujua chanzo kunaweza kumwaga seli na kumharibia daktari wa upasuaji njia. Na mtoki uliotibiwa TB bila sampuli yoyote, kisha ukaendelea kukua, uwe na alama yake kwenye fomu yako: tarehe ya kuanza dawa za TB na tarehe ya utambuzi wa saratani. Ni pengo jengine ambalo Koo na Pua hakulitaja.

---

Fundi Faili

Shukran sana. Nimebadilisha fomu, "haikuandikwa" imekuwa jibu la tatu kila mahali. Limebaki lile la sababu. Tuseme wagonjwa 60 wa saratani ya kinywa, 24 wanakula uraibu wenye tumbaku. Asilimia 40. Siwezi kusema kitu?

---

Karani wa Rejista

Unaweza kusema asilimia 40 ya wagonjwa wako wanakula. Huwezi kusema zaidi. Wagonjwa hao wengi ni wa miaka 60 na kwenda juu, na pengine katika shehia zao asilimia 40 ya rika lao wanakula vile vile. Hapo athari ya uraibu imekuwa sifuri.

Tafuta walinganishi. Kwa kila mgonjwa chukua wawili wa jinsia ile ile, umri usiopishana zaidi ya miaka mitano, wa wilaya ile ile, waliolazwa kwa ugonjwa usiohusiana na tumbaku: mtoto wa jicho, ngiri, mvunjiko wa mfupa. Wenye moyo na kifua usiwachukue, kwani tumbaku imewaleta na hao pia, na tofauti yako itafifia. Wa kliniki ya meno ndio wabaya kupita wote kwa utafiti huu: meno yaliyooza na fizi mbovu vinatembea pamoja na uraibu.

Tuseme kati ya walinganishi 120, wanaokula ni 20. Uwiano: 24 mara 100, gawanya kwa 36 mara 20. Ni 3.3, na mipaka yake ya asilimia 95 ni takriban 1.6 hadi 6.7. Mipaka hiyo haijagusa 1 (uwiano wa 1 maana yake hakuna tofauti), kwa hiyo sasa una neno la kusema. Lakini kabla hujalisema, gawa kwa wavutaji na wasiovuta ufanye hesabu mara mbili, maana wala uraibu wengi ni wavutaji pia. Nambari hizi ni za mfano, usizinakili.

Ukubwa: ukikisia asilimia 20 ya walinganishi wanakula na unataka kuona uwiano wa 2.5 kwa nguvu ya asilimia 80 (yaani nafasi ya asilimia 80 ya kuuona ikiwa upo kweli), unahitaji karibu 95 kila upande. Ukichukua walinganishi wawili kwa mgonjwa mmoja, wagonjwa kama 70 wanatosha. Kwa kinywa peke yake. Ukigawa kwa sehemu, kila sehemu inataka idadi yake.

Kisha usigawe kwa idadi ya watu ukadai umepata kiwango cha visiwa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, 543,441 kati yao Pemba, na inashawishi kweli kugawanya. Lakini wagonjwa waliokwenda moja kwa moja Muhimbili, Ocean Road au India hawamo kwenye mafaili yako, na waliofia nyumbani hawamo popote. Andika "wagonjwa walioonekana", na kibali cha Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar kipatikane kabla ya kugusa jina hata moja.

---

Meno 32

La udi na papa halijajibiwa. Mimi ningeyatoa. Fomu ndefu inajazwa vibaya, na tunayo ya uhakika ya kutosha.

---

Koo na Pua

Papa na ng'onda ningetoa kama wewe. Samaki wa chumvi aliyewekwa kwenye orodha ya visababishi ni wa mtindo wa Kichina, anayechachuka kabla ya kukauka, tena anayelishwa watoto wachanga wakati wa kuachishwa ziwa. Papa wetu ni kitu kingine, na uamuzi ule hauwezi kuhamishwa hivi hivi.

Udi ningeuacha, kwa swali moja. Kuna utafiti mkubwa wa Singapore uliochapishwa 2008 ambao ulihusisha kuchoma ubani ndani kwa miaka mingi na saratani za njia ya juu ya hewa, nje ya ile ya nyuma ya pua. Ubani wao si udi wetu, na nyumba zao si zetu, lakini huku moshi unafukizwa chumbani, kwenye nguo na kwenye nywele, kila wiki kwa maisha yote, na hakuna aliyeuliza. "Hufukizwa chumba unacholala mara ngapi kwa wiki, na dirisha huwa wazi?" Basi. Moshi wa jiko, kuni au makaa, ndani au nje, swali jengine moja. Ushahidi wake kwa kichwa na shingo haufiki ule wa tumbaku, kwa hiyo uuchambue mwisho kabisa na usiupandishe kwenye kichwa cha ripoti.

---

Meno 32

Mawili basi, sio zaidi. Ila kwa mafaili ya nyuma hayana maana, hakuna faili lililoandika udi.

---

Fundi Faili

Nimekubali: udi na jiko kwa wagonjwa wapya tu. La mwisho: mafaili yasiyo na jibu la patholojia, niyatupe?

---

Darubini

Usiyatupe, yapange madaraja. Daraja la kwanza: jibu la kinyama lipo. La pili: seli za sindano kutoka mtoki pamoja na uvimbe ulioonekana kwa kamera. La tatu: maelezo ya daktari tu. Uchambuzi mkuu ufanye kwa la kwanza na la pili, kisha urudie kwa yote matatu uone kama picha inabadilika. La tatu likiwa na wazee na watu wa mbali kuliko la kwanza, na mara nyingi huwa hivyo, basi ukilitupa umewatupa wale wale uliotaka kuwaona.

Kabla ya kuliweka faili daraja la tatu, tafuta daftari la kupokelea sampuli maabara. Majibu mengi yapo pale, yameandikwa kwa mkono, hayakuwahi kurudi wodini kwa sababu mgonjwa alikuwa kesharuhusiwa. Tafuta kwa tarehe ya upasuaji hadi siku 30 mbele, si kwa jina. Na bloku za nta zilizohifadhi vinyama zikiwa bado kabatini, kavu na mbali na joto, zinakatika hata baada ya miaka, kwa hiyo p16 ya tonsili zako inaweza kupimwa leo kwenye kinyama cha mwanzo kabisa wa miaka yako mitano, mradi kililowekwa kwenye fomalini halisi kati ya saa 6 na 72.